Rufaa ya Mwenye Majina Mawili

Kaka yangu alifungwa miaka thelathini kwa sababu alikimbilia yowe. Najua wasomaji wa sheria watasema hapana, alifungwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ndivyo hukumu inavyosema. Waseme. Mimi naandika nilichokiona, na nimeshachoka kuambiwa kwamba nilichokiona hakimo kwenye kumbukumbu za mahakama.

Kwetu Kimali, wilayani Meatu, yowe likipigwa usiku hakuna mwanamume anayebaki kitandani. Anayebaki ataulizwa kesho yake mbele ya sungusungu wanaolinda kijiji, na asipokuwa na jibu la maana atatozwa faini, na watoto wake watachekwa kisimani. Kwa hiyo majambazi walipomvamia mwenye duka wa kijijini, wakamkata kwa panga na kuondoka na alichokuwa nacho, mke wake akapiga yowe, na kaka yangu, ambaye nyumba yake ndiyo ya karibu, akafika wa kwanza. Alimwinua yule mtu kutoka chini, akamfunga jeraha kwa shati lake mwenyewe. Wiki ilipopita, mwenye duka alitoka hospitali akawaambia polisi kwamba miongoni mwa waliomvamia alimtambua mmoja kwa mwanga wa tochi. Akamtaja kaka yangu. Nadhani hakudanganya. Uso wa kwanza aliouona alipofumbua macho ulikuwa ule, na kichwa kilichopigwa panga hakipangi mambo kwa zamu.

Hakimu wa wilaya alimwamini. Kifungo cha kosa hilo kimeshapangwa na sheria, hakimu hana la kupunguza hata angetaka, na kaka yangu akapanda gari la magereza akiwa na vumbi la shamba la pamba miguuni. Mama yetu alikuwa amekaa nje ukutani. Hajui Kiswahili cha ofisini, nami ndiye niliyemweleza kwa Kisukuma kwamba mwanawe atatoka akiwa mzee kuliko yeye alivyo sasa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bariadi. Watoto wananijua kwa ukali, na mume wangu ananijua zaidi. Nikajiambia kwamba hili jambo ni la kusoma na kuandika, na kusoma na kuandika ndiyo kazi yangu, basi nitalimaliza. Sikujua ninachokisema.

Kukata rufaa kunaanza vizuri. Mfungwa anatoa taarifa ya kusudio lake siku chache baada ya hukumu, pale pale gerezani, na kaka yangu alifanya hivyo. Baada ya hapo anasubiri apewe nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, yaani kila neno lililosemwa na mashahidi, likiwa limechapwa. Bila hiyo nakala hawezi kuandika sababu zake. Nilikwenda ofisi ya mahakama likizo ya kwanza, nikaambiwa inachapwa. Likizo ya pili, inachapwa. Likizo ya tatu nilimuuliza yule karani kama wanachonga herufi kwenye jiwe, naye akanitazama kwa upole ulioniudhi kuliko tusi, akasema, "Mwalimu, subira yavuta heri." Nilitoka nje nikaupiga teke ukuta wao, na mguu ukaniuma mpaka Maswa.

Wakati heri inavutwa, kaka akaugua. Miguu ilivimba, chakula hakishuki, na kila akilala anaota mzee mmoja amesimama mlangoni bila kusema neno. Zahanati ya gereza ilimpa vidonge. Mama alisikia habari ya ndoto na hakuuliza habari ya vidonge. Alifunga safari kwenda kwa mganga mmoja huko Bukundi, naye akamwambia jambo ambalo mama, kwa maoni yangu, alikwenda akiwa tayari analijua: yule mzee mlangoni ni babu yetu mzaa baba, amechoka kukaa bila mtu wa kulibeba jina lake, na amemchagua huyu. Apewe jina, atapona. Akiitikia tena jina la zamani, babu ataondoka naye.

Mimi ni Mkatoliki wa kila Jumapili, na padri wetu ana maneno makali kuhusu masamva, yaani wahenga wetu wanaodai vitu kwa walio hai. Lakini nimezaliwa Meatu. Najua watu wazima wenye vyeo ambao jina linaloandikwa kwenye vyeti vyao si jina wanaloitwa nyumbani, kwa sababu waliugua utotoni na mtu wa ukoo akawadai. Mjomba wake mama mwenyewe alipewa jina hivyo, akaliacha alipooa kwa kuona aibu, akafa kabla ya mavuno. Ndivyo mama anavyosimulia. Ukimuuliza kama hakuwa na malaria, anakwambia malaria nayo ilitumwa na mtu.

Tulikwenda gerezani pamoja. Mama alikuwa amebeba unga wa mtama wa tambiko kwenye kitambaa, askari wa getini akauzuia. Mama hakubishana. Alikwenda kwenye bomba la uani, akajaza maji mdomoni, akaja nayo hadi kwenye wavu wa wageni, na mwanawe alipoketi upande wa pili akampulizia yale maji usoni, akataja jina la babu, akamwambia kuanzia leo ndiye wewe. Nusu ya maji yalimpata askari. Nilitumia muda wetu wote wa kumwona mgonjwa kumwomba radhi mtu aliyelowa shati.

Miguu ikapungua. Iwe ni vidonge, iwe ni babu, sitagombana na mtu. Tuliporudi tulimkuta amenenepa kidogo, na wafungwa wenzake walikuwa wakimwita jina jipya kwa sauti, wakimtania kwamba amekuwa mzee wa ukoo. Nikamwita jina lake la kuzaliwa kama nilivyozoea tangu tukichunga ndama. Akageuza uso.

"Usiniite hilo," alisema. "Mayu amekataza."

Mayu ndiyo mama kwa lugha yetu. Nilicheka, na nikaona yeye hacheki.

Hatimaye nakala ikachapwa. Mfungwa mwenzake mwenye mwandiko mzuri akamwandikia sababu za rufaa, na mahali pa jina la mrufani, yaani mwenye kukata rufaa, akaandika jina analolijua yeye na bweni zima. Kaka akaweka dole gumba. Karatasi ile ikapita ofisini pamoja na za wenzake, ikapigwa muhuri, ikaenda zake.

Siku ya kusikilizwa tulisafiri mama na mimi hadi mji wa mkoa mwingine, kwenye mahakama ya juu. Karani aliita jina la babu, na kaka yangu akasimama mara moja, kifua mbele, kama mtu anayepokea zawadi ya shule. Wakili wa serikali naye akasimama. Akasema, kwa heshima zote, kumbukumbu zinaonyesha kwamba aliyetiwa hatiani na mahakama ya chini ni mtu mwenye jina jingine, kwa hiyo huyu aliyeko mbele ya mahakama hana hukumu ya kuikatia rufaa.

Jaji, mzee mwenye miwani iliyoshuka puani, akamuuliza kaka yangu hilo jina amelitoa wapi.

"Ni la babu, mheshimiwa. Nililipata nikiwa ndani."

"Ulilipata ndani," jaji alirudia, akiandika. "Hukumu haina jina hilo."

Rufaa ikaondolewa. Nilielezwa baadaye kwamba kuondolewa si sawa na kutupwa, kwamba inaweza kurudi ikirekebishwa, kwamba tushukuru. Kushukuru! Maana ikiwa huyu si yule aliyefungwa, basi mfungueni pingu tumchukue twende nyumbani, mkamtafute yule. Lakini hapana, askari wakamrudisha garini. Kufungwa ni yeye, kukata rufaa si yeye. Nilimwambia hivyo askari mmoja pale kwenye ngazi, kwa sauti ambayo walimu tunaitumia paredi, naye akanijibu kwamba yeye kazi yake ni kuhesabu vichwa, majina ni ya ofisini.

Njiani nilimgeukia mama. Nilikuwa na hasira na nilihitaji mahali pa kuiweka.

"Mayu, hilo jina lako limemfunga mara ya pili."

Alitazama mbuga ya nje, majani yote yamekauka.

"Jina halijamfunga mtu," alisema. "Waliomfunga nimewaona kwa macho. Jina limemponya."

Rufaa ilipoondolewa muda wa kuikata upya ulikuwa umepita, na ukishachelewa unaomba kuongezewa muda, na ombi hilo lina sharti ambalo bado likinijia nikiwa nafua nguo nazitupa chini. Mwombaji aeleze sababu ya kuchelewa kwa kila siku, asiruke hata moja. Mtu yuko gerezani, na anatakiwa kueleza kila siku alikuwa wapi! Nilitaka kuandika: alikuwa kwenu, mlimhesabu asubuhi na jioni. Aliyenizuia ni wakili mmoja wa msaada wa kisheria, dada mdogo mwenye sauti ndogo, aliyekuwa akipita wilayani kusaidia watu wasio na uwezo. Aliandika kwa lugha inayokubalika. Akaandaa hati ya kiapo kwamba mwenye jina hili la hukumu na mwenye jina lile la babu ni mtu mmoja, na kwamba rufaa mpya italetwa kwa jina la hukumu.

Ni yeye aliyenifundisha jinsi rufaa inavyoangaliwa, na nilipomwelewa nilizidi kukasirika. Kule juu, alisema, hawamwiti tena shahidi. Hawaji Kimali kuona nyumba ya kaka ilivyo karibu na duka. Wanasoma kilichochapwa. Kilichomo ndani ndicho kilichotokea, kisichokuwamo hakikutokea, hata kama kijiji kizima kinakijua.

"Kwa hiyo lile shati alilomfungia jeraha?" nikauliza.

"Kuna mtu alilisema kortini?"

Hakuna. Kaka alidhani kila mtu anajua, na mahakama haimuulizi mtu asichokisema.

"Lakini tazama hapa," alisema, akaweka kidole kwenye ukurasa.

Mwenye duka, alipoulizwa maswali, alikuwa amekubali kwamba asubuhi ile ile, kabla hajapelekwa hospitali, alizungumza na mwenyekiti wa kitongoji na hakumtaja mtu yeyote. Yule dada akanieleza kwamba majaji wana msimamo wa zamani sana juu ya hilo: aliyemtambua mhalifu humtaja mapema iwezekanavyo, na asipomtaja, utambuzi wake unatiliwa shaka. Na kwa kuwa hapakuwa na ushahidi mwingine, kesi yote ilisimama juu ya mguu huo mmoja. Nilisoma ule mstari mara nyingi. Ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Hakimu alikuwa nao, wakili wa serikali alikuwa nao, jaji mwenye miwani alikuwa nao mezani siku alipotufukuza kwa ajili ya jina. Nililia pale pale mbele ya mtoto wa watu, na si kwa furaha.

Muda ukaongezwa, tukapangiwa siku. Yule dada hangeweza kuja, kazi yake iliishia kwenye karatasi, na mfungwa kama kaka hujisimamia mwenyewe. Wakili alisema hakuna tabu. Ataitwa, atasimama, atasema naomba mahakama ipokee sababu zangu, atakaa. Mtoto wa darasa la pili angeweza. Nilimweleza mama yote kwa Kisukuma: ataitwa kwa jina la hukumu, hilo halina njia nyingine. Alitikisa kichwa. Nikadhani amekubali. Ningepaswa kujua kwamba mama yangu akikubali husema neno. Siku chache kabla ya kesi, alikuwa amekwenda gerezani peke yake.

Safari hii jaji alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka. Kesi zilikuwa nyingi, wafungwa wamebanana kwenye benchi lao na askari pembeni. Karani akaita jina la hukumu.

Kaka yangu hakusimama.

Karani akaita tena. Nilimwona kaka akitazama sakafu, mikono katikati ya magoti, taya limekaza. Nikajua. Nikamgeukia mama, naye alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, macho kwa mwanawe, midomo inacheza bila sauti. Alikuwa anamwombea asiitikie.

"Wewe, unaitwa," askari akamgusa bega.

"Mimi siitwi hivyo," kaka alisema.

Alisema kwa adabu kabisa. Watu wakacheka. Wakili wa serikali aliinua kichwa kutoka kwenye mafaili yake. Jaji akauliza kama mrufani yupo ama hayupo, na kama yupo, je, anaendelea na rufaa yake au ameiacha, kwa sababu mahakama haina siku nzima. Nilikunja ngumi mpaka kucha zikaniingia. Ule mstari ulikuwa mle ndani ya faili, ukurasa ule ule, na mtu mwenyewe amekaa hatua chache kutoka hapo, hasemi, kwa sababu ameambiwa na mama yake kwamba akiitikia atakufa. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumpiga makofi kaka yangu mtu mzima mbele ya ngao ya taifa. Nilitaka pia kumuuliza mheshimiwa kama haoni, lakini nini hasa aone, wakati haya yote hayamo kwenye karatasi?

"Nitaiondoa," jaji alisema, akachukua kalamu.

Mama akasimama. Hakunitazama. Sijui alielewa Kiswahili gani katika yote yale, lakini kalamu aliielewa. Akaita jina la mwanawe, lile la zamani, alilompa mwenyewe siku alipomzaa. Aliliita kwa ile sauti ndefu ya kumwita mtoto aliye mbali machungani na ng'ombe, arudi, jioni imefika, chakula kiko tayari.

Kaka aliinua uso. Nilimwona akimtazama kuhakikisha, na mama akatikisa kichwa, ndiyo, mara moja tu. Akasimama.

"Nipo, mheshimiwa," alisema. "Ni mimi."

"Na wewe mama ni nani?" jaji aliuliza.

Karani wa pale alikuwa Msukuma, akamtafsiria. Mama akajibu, naye karani akasema: "Anasema yeye ndiye mwenye jina, mheshimiwa. Anasema amelirudisha, mwendelee."

Wakaendelea. Kaka aliomba sababu zake zipokelewe. Wakili wa serikali akasimama akasema, kwa upole kabisa, kwamba baada ya kusoma kumbukumbu upande wa Jamhuri haupingi rufaa hii, kwa kuwa mlalamikaji hakumtaja mshtakiwa mapema. Ndiyo, ule mstari. Jaji alisoma, akafunua nyuma, akafunua mbele, akaandika, akatamka kwamba hatia imefutwa na mrufani aachiwe huru mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa jambo jingine. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kuchambua mchele. Miaka yote ile, safari zote zile, kwa jambo la muda wa kuchambua mchele.

Nilitoka nje. Watu wa kesi nyingine walinipa mkono wakidhani nina furaha tupu, na furaha ilikuwapo, sikatai, lakini ilikuwa imekaa chini na hasira imeikalia juu. Nilitarajia mama apige vigelegele. Alikuwa amejikalisha kwenye ngazi, khanga imeshuka begani, anatazama mlango ambao mwanawe atatokea.

"Nimeliita mara ngapi?" aliniuliza.

"Mara moja, Mayu."

"Umesikia vizuri? Mara moja tu?"

"Mara moja."

Kaka yuko Kimali sasa. Amelima pamba msimu huu, na mwenye duka humsalimia kwa mbali, naye hujibu. Hana ugonjwa wowote. Nilimpeleka mwenyewe hospitali, wakampima kila kitu, nikamletea mama majibu, nikamsomea. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema wabeja, asante, akainuka akaendelea na kazi zake.

Nikienda kuwatembelea nalala nyumba ya mama, na kwa hiyo nimeyaona haya mwenyewe. Kabla hapajapambazuka vizuri anatoka na kuvuka uwanja hadi nyumba ya mwanawe. Hamwiti jina lolote, si lile, si hili. Anaweka kiganja mlangoni na kusimama. Ndani kaka amezoea, anajua ni nani, na anasema kwa sauti ya usingizi, "Nipo, Mayu." Ndipo anarudi kuwasha moto.